Jumba la Heshima la Besiboli: Nani Anastahili, na Nani Anasahihisha?

Nimepotea kama wiki tatu hivi. Majaribio ya katikati ya muhula yamenibana kweli kweli, na mnajua sisi wa elimu tukitoka kwenye jaribio la historia tunaingia la saikolojia, tukitoka huko kuna maandalio ya somo yanatusubiri. Ila nipo, mzima wa afya, na leo nina mada.

Mada yenyewe ni besiboli ya Marekani. Msikimbie! Najua hapa kampasi ukisema mpira watu wanawaza Simba na Yanga tu, lakini hii habari ina utamu wake, tena ina historia ndani yake ambayo mimi naona inatuhusu sana sisi tutakaokuwa walimu. Imeanzia kwenye semina ya historia ya Wamarekani weusi. Tulikuwa tunamjadili Jackie Robinson, na tulipotoka nje ubishi ukaendelea mpaka kantini: hivi mtu akifanya makubwa uwanjani lakini akavunja miiko, historia imweke wapi? Na yule ambaye hakuvunja mwiko wowote ila alifungiwa mlango, yeye je? Kule Marekani swali hili wanalibishania kila mwaka, kwa sababu wana jumba maalumu la kuwaweka wachezaji bora kabisa. Mimi naliita Jumba la Heshima.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, kwa kifupi. Timu mbili, watu tisa tisa uwanjani. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji ameshika rungu la mbao anausubiri. Akiupiga vizuri anakimbilia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka arudi alikoanzia, hapo timu imepata alama. Akiupiga ukavuka uzio, hiyo ni homurani, anazunguka vituo vyote kwa raha zake bila kukimbizwa na mtu. Kila kitu kinahesabiwa na kuandikwa, tangu karne ya 19. Kipimo maarufu ni wastani wa upigaji. Mtu mwenye 0.300, yaani aliyefaulu mara 3 katika kila 10, ni mpigaji mzuri sana. Hebu fikirieni, unafeli mara 7 kati ya 10 na watu wanakuita hodari! Huku kwetu ukipata 30 kwa 100 ni sapu moja kwa moja, hakuna mjadala.

Sasa Jumba lenyewe. Liko Cooperstown, mji mdogo katika jimbo la New York. Kura ya kwanza ilipigwa mwaka 1936, wakapita watu watano: Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner, Christy Mathewson na Walter Johnson. Jengo likafunguliwa tarehe 12 Juni 1939. Ndani yake kuna vitu viwili, na naomba mvishike kwa sababu nitavirudia huko mbele. Kuna makumbusho, yaani vitu vya kale, jezi, mipira, picha. Halafu kuna ukumbi wa vibao vya shaba, kila aliyechaguliwa ana kibao chenye sura yake na maneno machache ya sifa zake. Kuwa na mpira wako kwenye makumbusho ni jambo moja, kuwa na kibao ni jambo lingine kabisa.

Unaingiaje? Mchezaji awe amecheza angalau misimu 10 na awe amestaafu miaka 5. Wanaopiga kura ni waandishi wa habari za besiboli ambao wamekuwa wanachama wa chama chao kwa miaka 10. Kila mwandishi anaweza kuchagua majina yasiyozidi 10. Ukipata asilimia 75 umeingia. Ukipata chini ya asilimia 5 unaondolewa kwenye orodha, yaani umedisko. Zamani jina lingeweza kukaa kwenye karatasi ya kura miaka 15, tangu 2014 ni miaka 10 tu. Ukishindwa kwa waandishi, zipo kamati ndogo za watu 16 ambazo zinaweza kukuangalia upya baadaye.

Na wanatakiwa waangalie nini? Kanuni inataja rekodi ya mchezaji, uwezo wake, mchango wake kwa timu, halafu inaongeza uadilifu, uungwana wa kimichezo na tabia. Hapo ndipo penye kesi zote! Sisi tunafundishwa kwamba mtihani mzuri lazima upime kile ulichokusudiwa kupima, na wasahihishaji wawili wakipewa karatasi moja watoe alama zinazokaribiana. Sasa "tabia" unaipa alama ngapi? Mmoja ataipa 5, mwingine 50, mwingine ataipa sifuri. Hakuna mwongozo wa kusahihisha. Ndiyo maana Willie Mays, ambaye wengi wanasema hajatokea mchezaji aliyekamilika kama yeye, mwaka 1979 alikosa kura za waandishi 23 kati ya 432. Hank Aaron mwaka 1982 alikosa 9 kati ya 415. Aliyekuja kupata kura zote bila kukosa hata moja ni Mariano Rivera, mwaka 2019. Wa kwanza tangu 1936! Hata Mjapani Ichiro Suzuki mwaka 2025 alipata 393 kati ya 394. Huyo mmoja sijui alikuwa anaangalia mchezo gani.

Halafu kuna jambo la kuchekesha. Kwa nini Jumba liko Cooperstown? Kwa sababu mwaka 1907 tume iliyoundwa kutafuta asili ya besiboli ilitangaza kwamba mchezo ulibuniwa hapo na Abner Doubleday mwaka 1839. Doubleday alikuja kuwa jenerali kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tatizo ni kwamba mwaka 1839 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha jeshi cha West Point, na yeye mwenyewe hakuwahi kudai kwamba amebuni besiboli. Wanahistoria waliitupa hadithi hiyo zamani. Jumba likafunguliwa 1939 kuadhimisha miaka 100 ya tukio ambalo halikutokea! Na huyo Doubleday hana kibao hata leo. Kwa hiyo kabla hatujaanza kuwahukumu wachezaji kwa udanganyifu, tukumbuke nyumba yenyewe imejengwa juu ya hekaya.

Sasa tuje kwenye lile zito. Hao watano wa mwanzo, na wote waliofuata kwa miaka mingi, walikuwa weupe. Haikuwa kwa sababu weusi hawakujua kucheza. Mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker, mtu mweusi, alicheza ligi kubwa na timu ya Toledo. Baada ya hapo wenye timu wakafunga mlango. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa, walielewana tu kimya kimya, na ukimya huo ulidumu mpaka tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Hesabu wewe mwenyewe, ni zaidi ya miaka 60.

Katikati hapo watu weusi hawakukaa kulia. Mwaka 1920 Rube Foster aliwakutanisha wenye timu huko Kansas City wakaanzisha ligi yao. Zikafuata nyingine. Humo ndimo alimokuwemo Josh Gibson, mdakaji na mpigaji wa kutisha, na Satchel Paige, mrushaji ambaye alifika ligi kubwa mwaka 1948 akiwa na miaka 42. Gibson hakufika. Alifariki tarehe 20 Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla ya Robinson kuvunja ukuta. Hii sehemu ilinifanya nifunge kitabu kwa muda.

Mwaka 1966 Ted Williams, mzungu, mpigaji mkubwa wa Boston, alipopewa heshima yake pale Cooperstown alitumia hotuba yake kusema kwamba anatumaini siku moja Paige na Gibson watawekwa pia. Hakulazimika kusema, lakini alisema. Mwaka 1971 Paige akachaguliwa, na awali mpango ulikuwa kuwaweka wachezaji wa ligi za weusi kwenye sehemu yao ya pembeni. Yaani ubaguzi mpaka kwenye heshima! Watu walipiga kelele, mpango ukabadilishwa, Paige akaingia kama wengine. Gibson akafuata 1972, marehemu wa miaka 25.

Na takwimu zao? Kwa miaka mingi hazikuhesabiwa kuwa za ligi kubwa. Desemba 2020 ligi kuu ikatangaza kwamba ligi saba za watu weusi za kati ya 1920 na 1948 nazo zilikuwa ligi kubwa, na Mei 2024 takwimu zikaunganishwa. Matokeo yake, wastani wa juu kuliko wote katika historia si wa Ty Cobb tena mwenye 0.367, ni wa Josh Gibson mwenye 0.372. Gibson hakupiga hata mpira mmoja zaidi. Karatasi yake ilikuwa ile ile, kilichobadilika ni msahihishaji.

Nikiwa hapo hapo nimtaje mtu ambaye mimi nampenda kuliko wote katika habari hii, Buck O'Neil. Mzaliwa wa Florida mwaka 1911, alicheza na baadaye kuifundisha timu ya Kansas City Monarchs. Mwaka 1962 Chicago Cubs walimfanya kocha mweusi wa kwanza katika ligi kuu. Mwaka 1990 alikuwa miongoni mwa walioanzisha makumbusho ya ligi za weusi kule Kansas City. Alizunguka miaka na miaka akiwasimulia watu habari za wenzake waliosahauliwa. Basi mwaka 2006 Jumba likaunda kamati maalumu ya watu 12 kupitia majina 39 ya ligi za weusi. Wakapita 17, wakiwemo marehemu ambao dunia isingewajua bila midomo ya watu kama Buck. Miongoni mwao ni Effa Manley, mmoja wa wamiliki wa Newark Eagles, mwanamke wa kwanza kuingia Jumba hilo. Buck mwenyewe, mwenye miaka 94, yuko hai, anasubiri simu... hakupita!

Angefanya nini mtu mwingine? Angenuna. Yeye Julai 2006 alikwenda Cooperstown, akasimama jukwaani kuwasemea hao 17, akawaimbisha watu wote waliokuwepo huku wameshikana mikono. Oktoba 6 mwaka huo huo akafariki. Kibao chake kikaja 2022, miaka 16 baadaye. Mimi nauliza, heshima iliyocheleweshwa mpaka mwenyewe hayupo, ni heshima ya nani? Ni ya kwake au ni ya wanaotaka kujisafisha?

Haya, sasa turudi kwa wale walioachwa nje kwa makosa yao. Faili la kwanza ni Pete Rose. Alicheza kuanzia 1963 mpaka 1986, miaka mingi na Cincinnati Reds, na hakuna mtu aliyewahi kupata mipigo halali mingi kama yeye katika ligi kuu: 4,256. Lakini mwaka 1989 uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa anabeti kwenye besiboli, zikiwemo mechi za timu aliyokuwa anaifundisha mwenyewe. Tarehe 24 Agosti 1989 akakubali kufungiwa. Mwaka 1991 bodi ya Jumba ikapitisha kwamba aliyefungiwa na ligi haruhusiwi hata jina lake kuwekwa kwenye kura. Akakana miaka karibu 15, akaja kukiri mwaka 2004. Alifariki Septemba 30, 2024. Mei 2025 kamishna Rob Manfred akaamua kwamba kifungo cha maisha kinakwisha maisha yakiisha, akamwondoa Rose kwenye orodha pamoja na marehemu wengine, akiwemo Joe Jackson wa kashfa ya kuuza fainali za 1919. Kamati inaweza kulipokea jina la Rose Desemba 2027.

Jamaa mmoja wa mwaka wa 3 alimtetea kwa nguvu zote: "Si alikuwa anabeti timu yake ishinde? Kosa liko wapi?" Kosa lipo. Kocha aliyeweka hela mechi ya leo atamchosha mrushaji wake bora leo na kuiumiza timu kesho. Na siku ambayo hakuweka hela, wacheza kamari wenzake wanajua kuna jambo. Halafu kanuni hiyo ilikuwepo tangu miaka ya 1920, baada ya kashfa hiyo hiyo ya 1919, na ilibandikwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Hapa mwongozo wa kusahihisha ulikuwepo, uliandikwa, ulisomwa.

Faili la pili ndilo lenye moto. Barry Bonds, homurani 762, hakuna aliyemfikia. Mwaka 2001 peke yake alipiga 73. Mara 7 alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa ligi yake. Na Roger Clemens, mrushaji aliyeshinda mechi 354 na tuzo 7 za mrushaji bora. Wote wawili walituhumiwa kutumia dawa za kuongeza misuli, wote walikana kutumia kwa makusudi. Walikaa kwenye kura ya waandishi miaka yote 10. Mwaka 2022, nafasi ya mwisho, Bonds alipata asilimia 66.0 na Clemens 65.2. Kamati ya watu 16 ikawakataa Desemba 2022, ikawakataa tena Desemba 2025.

Siku ile ile ya 2022 waliposhindwa, David Ortiz aliingia kwa asilimia 77.9 mara yake ya kwanza. Mwaka 2009 gazeti la New York Times liliripoti kwamba jina lake lilikuwemo kwenye majibu ya vipimo vya siri vya 2003, ingawa kamishna Manfred baadaye alisema vipimo vile havikuwa vya kuaminika vya kutosha kumhukumu mtu. Sawa, simhukumu Ortiz. Ila mnaona jinsi mizani inavyoyumba?

Ili muelewe zama zile lazima mjue mazingira. Mwaka 1994 wachezaji waligoma na fainali zikafutwa kabisa. Mashabiki wakakasirika, viwanja vikapwaya. Mwaka 1998 Mark McGwire na Sammy Sosa wakaanza kushindana kwa homurani, mmoja akamaliza na 70, mwingine 66. Nchi nzima ikarudi kwenye redio na televisheni. Wenye timu wakauza tiketi, waandishi wakaandika sifa kurasa na kurasa. Agizo la kukataza dawa hizo lilikuwa limetolewa tangu 1991, lakini hakukuwa na kupima mtu wala adhabu. Upimaji wenye adhabu ulianza 2004. Karibu miaka yote hiyo msimamizi wa chumba cha mtihani, yaani aliyeongoza ligi, alikuwa Bud Selig. Mnajua Selig yuko wapi? Yuko Jumbani! Aliingizwa 2017. Msimamizi kapewa cheti, watahiniwa wamedisko.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja, hoja ya upinzani ni nzito. Fred McGriff alimaliza na homurani 493, hakuwahi kuhusishwa na dawa. Katika zama za kina 70 na 73, namba zake zikaonekana za kawaida, waandishi hawakumfikisha hata asilimia 40. Aliingia kwa kamati Desemba 2022, kura 16 kwa 16. Wapo na wengine ambao hatutawajua, walioachwa benchi au kurudishwa kwao kwa sababu walikataa sindano. Anayeiba mtihani hamwibii msimamizi, anamwibia jirani yake aliyekesha kusoma. Hili kama mwalimu mtarajiwa siwezi kulipuuza.

Faili la tatu wengi huwa hawalifungui kabisa, na ndilo linalonikera. Curt Flood. Alikuwa mlinzi wa katikati wa St. Louis Cardinals, mtu mweusi, alishinda mara 7 tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, wastani wake 0.293. Oktoba 1969 timu ikamhamishia Philadelphia bila kumuuliza. Wakati ule mkataba ulikuwa na kipengele kilichomfunga mchezaji kwa timu yake maisha yote: timu inaweza kukuuza, wewe huwezi kuondoka. Flood akamwandikia barua kamishna Bowie Kuhn akisema yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Kuhn akakataa. Januari 1970 Flood akafungua kesi. Alikuwa analipwa kama dola 90,000 kwa mwaka, hela nyingi sana enzi zile, na aliziacha. Msimu wote wa 1970 hakucheza. Mwaka 1971 alijaribu kurudi, akacheza mechi 13 tu, akaacha. Juni 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikampinga, majaji 5 kwa 3.

Alishindwa yeye, lakini ukuta ulikuwa umepata ufa. Desemba 1975 msuluhishi aliamua kesi ya wachezaji wengine wawili na kile kipengele kikavunjika. Leo wachezaji wanasaini mikataba ya mamia ya mamilioni ya dola wakienda wanakotaka. Flood alifariki Januari 1997. Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji aliyesimama naye, alipewa kibao chake 2021 akiwa naye ameshakufa. Bowie Kuhn, kamishna aliyesema hapana, aliingizwa 2008. Flood hayumo. Someni tena: aliyekataa kumfungua mtu yumo, aliyeomba kufunguliwa hayumo. Kama kweli kanuni inasema uadilifu na mchango, niambieni nani alichangia zaidi ya huyu?

Na si hao tu. Kenesaw Mountain Landis, kamishna kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 mpaka kifo chake 1944, aliwafungia kina Joe Jackson kwa kulinda usafi wa mchezo. Katika utawala wake wote hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyeingia ligi kuu. Aliingizwa Jumbani mwaka ule ule aliofariki. Cap Anson, nyota wa karne ya 19 aliyejulikana kwa kukataa kucheza na timu zenye weusi, yumo tangu 1939. Kwa hiyo wakisema kipengele cha tabia kinalinda utakatifu wa mahali pale, mimi nauliza kilikuwa likizo siku hizo?

Basi hii hapa kura yangu, na siogopi kuitetea.

Curt Flood: aingie, na aingie wa kwanza. Namba zake za uwanjani peke yake pengine zisingetosha, nakubali. Lakini kanuni haisemi namba peke yake.

Barry Bonds na Clemens: waingie, lakini kibao kiseme ukweli wote. Waandike homurani 762, halafu chini yake waandike kwamba alicheza zama ambazo dawa zilitumika, yeye alituhumiwa, na ligi haikupima. Bonds kabla hata ya huo msimu wa 1998 alikuwa ameshakuwa mchezaji bora wa mwaka mara 3. Na mnajua kinachonishangaza? Mpira wa homurani yake ya 756, ule aliompita nao Hank Aaron Agosti 2007, upo pale makumbusho. Mbunifu wa mavazi Marc Ecko aliununua kwa dola 752,467, akawauliza watu wapige kura aufanye nini, wakasema upigwe chapa ya alama ya nyota, kuonyesha kuna walakini, upelekwe Cooperstown. Upo! Mpira una walakini na umewekwa, aliyeupiga hana mahali. Kama mpira unaweza kubeba alama yake na bado ukatazamwa, kwa nini mtu asiweze?

Pete Rose: kwangu hapana. Mipigo 4,256 hakuna anayeifuta, iko vitabuni, na vitu vyake viko makumbusho, vibaki hapo. Ila kanuni aliijua, adhabu aliikubali kwa saini yake, akadanganya karibu miaka 15. Sheria iliyoandikwa na kutumika kwa wote nitaiheshimu hata ikiniumiza. Ile isiyoandikwa, inayotumika kwa baadhi, hapana.

Landis, Anson na Kuhn: wasiondolewe. Nasema hivi na wengine mtanishangaa. Ukiwafuta unafuta pia ushahidi. Waongezewe maneno kwenye vibao vyao, mtoto mweusi akipita pale asome nani alifunga mlango na kwa muda gani.

Mtasema inatuhusu nini, sisi hata uwanja wa besiboli hatuna hapa kampasi. Inatuhusu. Mchezo wenyewe umeshafika huku kwetu Afrika: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Pennsylvania, na mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara hili kucheza ligi kuu, akiwa na Pittsburgh Pirates. Siku moja jina la mtoto wa huku litakuwa kwenye karatasi ile ya kura.

Zaidi ya hapo, sisi ni walimu. Muda si mrefu tutakuwa mashuleni tunatoa zawadi siku ya mahafali, tunaandika majina kwenye ubao wa heshima, tunachagua viranja, tunaamua nani ana "tabia njema" na nani hana. Kila orodha ya heshima ni kitabu cha historia kifupi, na anayekiandika ana nguvu kuliko anavyodhani. Mwanafunzi anaweza kuvumilia kushindwa kama anajua alipimwa kwa kipimo kile kile cha mwenzake. Asichoweza kukisahau ni kuona kipimo kinabadilika akifika yeye.

Mwasemaje wadau? Bonds ndani au nje? Na yupo atakayenishawishi kuhusu Rose? Njooni na hoja, siyo kelele kama za juzi kantini. Mimi nina maandalio ya somo ya kumalizia kabla umeme haujakatika.

Alamsiki.